Nani alishika kipimo? Historia ya waya wa redio, kutoka Bukoba mpaka Busia

Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Najua wengine mlitegemea niandike juu ya boda boda, maana mtu akikaa Busia hata mwezi mmoja lazima aambiwe kwamba boda boda ilizaliwa hapa, na zile baiskeli zilizokuwa zinabeba watu kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Hiyo nawaachia wenyeji. Mimi naandika juu ya ule waya mweusi ulio nyuma ya jengo tunakokutana, uliofungwa upande mmoja kwenye mwembe na upande mwingine kwenye mti wa mkalitusi. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuanika nguo pale. Mama, hapana, tafadhali. Hiyo ni antena ya redio ya ridhaa.

Redio ya ridhaa ni ile ya mtu binafsi mwenye leseni, anayeongea na wenzake wa mbali kwa hamu ya kujifunza, bila biashara. Hatangazi muziki wala habari. Anaita, mwingine anajibu, wanapeana majina ya vituo vyao na kuambiana wanasikikaje. Kifaa kinaweza kuwa cha bei, lakini antena yenyewe ni waya tu, hata ule wa kuwekea stima ndani ya nyumba. Kazi iko kwenye urefu. Ukizidi au ukipungua, redio inasema lakini hakuna anayesikia. Nilipoanza kuuliza wazee na kusoma, niliona kwamba historia yote ya redio katika nchi zetu inaweza kusimuliwa kwa swali hilo moja: nani alijua kuupima ule waya, na nani aliruhusiwa tu kubonyeza kitufe na kusema.

Mwanzo kabisa ni Ujerumani. Mwaka 1887 na 1888 mwalimu wa fizikia, Heinrich Hertz, alichukua fimbo mbili za metali, akaacha nafasi ndogo katikati, akarusha cheche. Upande wa pili wa chumba, pete ya waya ikatoa cheche yake yenyewe bila kuguswa na kitu. Zile fimbo mbili zenye nafasi katikati ndiyo dipoli, na antena yetu ya Busia ni hiyo hiyo, imerefushwa tu.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya kitu hicho kufika kwetu kwa sura ya vita. Wazee waliita simu ya upepo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, tarehe 8 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, na shabaha yao kubwa ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ziwa Victoria. Juni 1915 Waingereza walipakia askari kwenye meli pale Kisumu, hapo jirani yetu kabisa, wakavuka ziwa mpaka Bukoba. Walipigana siku mbili, wakauvunja mnara wa redio wa Wajerumani, na mji ukaporwa. Fikirini hilo: jeshi zima linavuka ziwa kwa ajili ya kunyamazisha waya. Watu wa Bukoba waliokuwa wakiuza kahawa na kuvua samaki hawakuwa na neno lolote la kusema kwenye ule mnara, lakini mji ulioporwa ulikuwa wao.

Zamani zile antena zilihitaji minara mikubwa kwa sababu walitumia mawimbi marefu sana, na antena lazima iendane na wimbi lake. Mawimbi mafupi yalionekana kama takataka. Huko Marekani sheria ya mwaka 1912 iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa maana kwamba hayo hayana faida, wacha wachezee huko. Kumbe dhahabu ilikuwa huko. Novemba 1923 mtu wa ridhaa wa Ufaransa na mwenzake wa Marekani waliongea juu ya bahari ya Atlantiki kwa wimbi la karibu mita 100, kwa nguvu ndogo kuliko ya stesheni kubwa za serikali. Mwaka uliofuata Mwingereza Edward Appleton alianza majaribio yaliyoonyesha sababu: huko juu angani kuna tabaka lenye chaji ya umeme linalorudisha mawimbi mafupi chini, kama ukuta unavyorudisha mpira. Tangu hapo mtu mwenye waya wa mita 20 juu ya miti miwili aliweza kufika mbali kuliko mtu mwenye mnara.

Afrika Mashariki ya wakoloni iligawiwa herufi za kuitia. Kenya ilikuwa VQ4, Uganda VQ5, Tanganyika VQ3, Zanzibar VQ1. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa OQ5. Baada ya uhuru herufi zikabadilika: Uganda ikapata 5X, Kenya 5Z, Tanzania 5H, Kongo 9Q. Rwanda ni 9X na Burundi 9U. Sudan Kusini walipopata uhuru mwaka 2011 baadaye walipewa Z8, na nakumbuka ndugu yetu mmoja wa Juba alivyofurahi kuisikia, kama vile ameonyeshwa bendera. Sasa tazama Busia yetu: barabara moja, soko kama moja, mtu ananunua nyanya upande huu na chumvi upande ule. Lakini mwenye redio akihama na kifaa chake hatua mia mbili, herufi zake lazima zibadilike, na ruhusa yake inakuwa ya serikali nyingine. Wimbi halina pasipoti, ila mwenye kulituma anayo, au hana.

Waafrika wengi wa kwanza kugusa redio za kutuma waliingia kwa mlango wa jeshi na polisi. Katika Vita ya Pili ya Dunia vijana wa Afrika Mashariki walifundishwa kazi ya signali, kusoma mofsi na kuendesha redio, na wengine walifika mpaka Burma. Walijua kuendesha. Waliporudi nyumbani redio zilibaki jeshini.

Sasa nifike kwetu, maana najua nusu ya kikundi hiki ni watu wa Kivu na Ituri. Nyinyi hamhitaji kufundishwa neno foni. Kwa wale wengine: kabla ya simu za mkononi kuenea Kongo miaka ya 2000, mtu wa Bukavu aliyetaka kusema na ndugu yake wa Kindu au Shabunda alienda kwenye foni. Chumba kidogo, meza, betri ya gari, labda kibamba cha sola juu ya bati, na nje waya mrefu uliotandazwa kati ya miti. Mwenye foni anaita kijiji, kijiji kinajibu, anatumwa mtoto kumtafuta yule ndugu, mnapanga saa ya kurudi. Mnalipa kwa dakika. Parokia zilikuwa nazo, misheni za Kiprotestanti, wafanyabiashara wa dhahabu na coltan, marubani wa ndege ndogo, na zoni za afya zilizotuma habari za magonjwa ya mlipuko.

Foni haikuwa na siri. Kila mwenye redio kwenye masafa yale alisikia. Mzee mmoja wa Fizi aliye hapa nasi alituambia kwamba habari ya kifo cha baba yake aliisikia pamoja na watu wasiopungua kumi waliokuwa kwenye foleni, na wale watu ambao hakuwajua ndio waliomshika. Wakati huo huo mtu mwingine aliuliza bei ya mafuta ya mawese. Ndivyo ilivyokuwa. Vita ilipozidi, foni ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kutafutwa na wenye silaha wakiingia kijijini, kwa sababu kijiji chenye foni kingeweza kusema kilichotokea. Na ndiyo maana kuanzia karibu 2010, watu wa Uele walipokuwa wakishambuliwa na LRA, kanisa la Dungu na mashirika kama Invisible Children walirudi kwenye teknolojia hiyo hiyo: redio za mawimbi mafupi vijijini, kila siku saa fulani kila kijiji kinaripoti kama kuko salama. Simu hazikufika kule. Waya ulifika.

Nimewauliza wazee watatu wa foni swali moja: nani alikuwa anapima antena? Wote wamejibu karibu sawa. Alikuwa fundi kutoka mjini, au mzungu wa misheni, au mtu wa shirika. Anakuja, anapanda, anafunga, anaondoka. Waya ukikatika na upepo, wao wanauunga kwa kukadiria, na kuanzia hapo sauti inakuwa dhaifu, na hakuna anayejua kwa nini. Mmoja alisema waliamini kwamba redio imezeeka. Redio haikuzeeka! Waya ulikuwa umepungua nusu mita.

Upande wa mashirika hadithi ni tofauti kidogo. Julai 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka kuingia Goma katika siku chache, na kipindupindu kikafuata. Mashirika yalikuja na redio zao za mawimbi mafupi kwenye magari na kwenye mahema. Nyinyi wafanyakazi wa misaada mnaijua ile fimbo ndefu mbele ya Land Cruiser nyeupe. Kwenye ofisi zao wengi waliweka antena ya waya ya aina ambayo haihitaji kupimwa: ina kikinza cha umeme ndani yake, inakubali masafa yote, na sehemu ya nguvu inapotea kuwa joto. Siwalaumu, kwenye dharura hakuna muda. Lakini tuseme ukweli, walinunua kutokupima, na bei yake ilikuwa nguvu. Redio ya wati 100 inaweza kubeba hasara hiyo. Redio ndogo ya wati 5 inayokula betri ya pikipiki haiwezi.

Hata mpaka wetu huu umeonja. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka hapa Busia na pale Malaba kuingia Uganda. Walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka 2008 wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Wengi wetu tumezoea kufikiri mkimbizi anatoka Kongo au Sudan. Wakati ule alitoka ng'ambo ya barabara. Njia ya kutoka Mombasa ilizibwa, Uganda ikakosa mafuta, na kwenye sehemu nyingi za Kenya kadi za simu zikaadimika. Mnara wa simu pasipo stima unakula dizeli, na dizeli inapita barabara hiyo hiyo. Watu wakiniuliza kwa nini vijana wa 2020 na kitu wanahangaika na waya wakati kila mtu ana simu, jibu langu ni Januari 2008.

Sasa kipimo chenyewe. Zamani mtu wa ridhaa alipima kwa kutuma: anawasha redio, anatazama mita inayoonyesha nguvu inayoenda na inayorudi, anazima, anakata, anawasha tena. Huwezi kufanya hivyo bila leseni, na ukikosea sana unaweza kuunguza redio. Miaka ya 1990 viliuzwa Marekani vipimaji vya mkononi, mafundi wanaviita analaiza, kama MFJ-259. Kilikuwa boksi zito la betri nyingi, na kwa bei yake usingekiona nje ya ofisi au kwa mtu mwenye uwezo. Kisha mtu wa ridhaa wa Japani akabuni kadogo kaitwako NanoVNA, mafundi wa China wakaanza kukatengeneza kwa wingi, na kuanzia 2019 kakasambaa duniani. Kanaingia mfukoni, kana skrini ya kugusa, na bei yake ni chini ya simu nzuri ya kawaida. Kenyewe kanatoa nguvu ndogo sana, hata balbu ndogo haiwezi kuwaka, kwa hiyo unapima antena bila kuwasha redio ya kutuma. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa kuliko redio zenyewe.

Tulichofanya ni hiki. Fundi mwenye leseni, mtu wa upande wa Kenya anayekuja kutufundisha, alitupa shabaha: 7.110 megahezi. Watu wa ridhaa wa Afrika na Ulaya wamekubaliana hapo pawe mahali pa kukutania wakati wa dharura. Urefu wa dipoli unaupata kwa kugawa 143 kwa masafa, yaani 143 kwa 7.11, unapata kama mita 20.1. Hiyo hesabu inafanya kazi kwa waya mtupu ulio juu hewani. Waya wetu una ganda la plastiki, na plastiki inalifanya wimbi liende polepole kidogo, kwa hiyo antena inajiona ndefu kuliko ilivyo. Fundi alisema anza na urefu wa kuzidi. Tukakata mita 20.6, nusu kila upande, katikati tukaweka kipande cha bomba la plastiki, na kebo tukaizungusha mara nane karibu na pale juu ili isibebe mawimbi kurudi chini.

Tukavuta juu, kama mita sita. Analaiza ikachora mstari wenye bonde, na chini ya bonde ilikuwa 6.72. Bonde likiwa chini ya masafa unayotaka, waya ni mrefu. Likiwa juu, waya ni mfupi. Hapo hesabu ya kidato cha pili inarudi: 20.6 mara 6.72, gawa kwa 7.11, jibu 19.47. Maana yake tutoe mita 1.13, kama sentimita 56 kila upande. Vijana wawili walishika mkasi tayari, fundi akawazuia: usikate, kunja kwanza, urudishe ncha juu ya waya wenyewe na ufunge. Waya uliokunjwa utaurefusha tena, uliokatwa utauunga. Tukapandisha, tukapima, 7.06. Tukakunja tena sentimita saba kila upande. Bonde likakaa 7.11, na SWR ikasoma 1.3.

SWR ni namba inayosema nguvu ngapi inarudi badala ya kuondoka. Ikiwa 1 hakuna kinachorudi. Ikiwa 2, karibu asilimia 11 inarudi. Ikiwa 3, robo nzima. Watu wengine wanaiabudu hiyo namba, 1.3 yetu inatosha kabisa, na muda wa kuitafuta 1.0 ni heri kuutumia kuinua waya juu ya miti. Ingawa kwa umbali wetu hata juu sana si lazima. Antena ya chini hurusha mawimbi karibu wima, yanagonga anga na kurudi kama mvua juu ya eneo la kilomita mia tatu au mia nne kuzunguka. Hiyo inabeba Kampala, Kisumu, Eldoret, Mbale, ambazo ndizo tunazozihitaji.

Kuna mambo mawili ambayo hayana mzaha. La kwanza radi. Tororo iliandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Mtu wa Tororo hashangai. Kwa hiyo kebo yetu inang'olewa kwenye redio kila tukimaliza na inatupwa nje, wingu liwepo lisiwepo. Na waya haupiti juu wala chini ya nyaya za stima, hata ikibidi tutafute mti mwingine.

La pili ni sheria. Kusikiliza na kupima tunafanya wenyewe. Kutuma hapana. Upande wa Uganda leseni inatoka UCC, upande wa Kenya inatoka Communications Authority. Redio ikituma, anayetuma ni mwenye leseni, kwa herufi zake, upande ambako leseni yake inafanya kazi. Pia kanuni za kimataifa zilizorekebishwa mwaka 2003 haziruhusu kituo cha ridhaa kupeleka ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya mtu mwingine, isipokuwa wakati wa dharura au maafa. Kwa hiyo yule ndugu aliyeniomba tumtafutie dada yake Uvira kwa redio yetu, jibu ni kwamba hii haiwezi kuwa foni. Nenda Msalaba Mwekundu, wana kazi hiyo ya kutafuta jamaa waliopotezana, na niko tayari kukusindikiza. Najua jibu hilo linauma. Na kwa mpaka kama huu, ambako majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi Desemba 1987, mkimbizi anayekutwa na redio ya kutuma bila karatasi hataulizwa kwanza kuhusu hamu yake ya kujifunza.

Wanne kati yetu wanasoma kwa ajili ya mtihani wa leseni. Vipimo vyote, pamoja na michoro ya bonde na aina ya waya, dada mmoja ameviandika kwa mkono kwenye daftari la kurasa 48, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande mwingine. Wenzetu wa Kiryandongo wameomba nakala. Mwenye nafasi ya kupiga picha kurasa vizuri aseme hapa chini, simu yangu kamera imepasuka.